Kutua kwenye miezi midogo

Kutua kwenye miezi midogo ni kazi ya kushusha chombo cha angani hadi kigusane na uso wa mwezi ambao graviti yake, yaani nguvu yake ya mvutano, ni dhaifu mno. Mifano ya miezi ya aina hiyo ni Phobos na Deimos, inayozunguka sayari ya Mirihi, pamoja na Dimorphos, unaozunguka asteroidi ya Didymos. Hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna chombo kilichokuwa kimetua salama kwenye mwezi wa namna hiyo. Mengi yanayojulikana kuhusu kazi hii yametokana na vipimaanga vilivyotua kwenye asteroidi na nyotamkia, ambazo graviti yake ni dhaifu vilevile.

Kwenye Dunia, Mirihi au Mwezi wetu, shida kubwa ya chombo kinachotua ni kupunguza mwendo kabla hakijagonga ardhi. Kwenye mwezi mdogo shida hiyo hugeuka: kugusa uso si kazi ngumu sana, kazi ni kubaki hapo. Chombo kikigusa kwa kasi kidogo tu kuliko inavyotakiwa hudunda, na kinaweza kupotelea katika anga-nje. Kwa sababu hiyo mpango wa kushuka huandaliwa kwa miezi mingi, ingawa kushuka kwenyewe huchukua saa chache na kugusa uso sekunde chache.

## Miezi midogo

Miezi mikubwa, kama Mwezi wa Dunia, ina masi ya kutosha kuivuta iwe na umbo la tufe. Miezi midogo haina nguvu hiyo, hivyo maumbo yake hufanana na kiazi au jiwe la mtoni.

Phobos una urefu wa takriban kilomita 27, upana wa kilomita 22 na kimo cha kilomita 18. Deimos ni mdogo zaidi, urefu wake ukiwa kilomita 15 hivi. Yote miwili iligunduliwa na mwanaastronomia Mmarekani Asaph Hall mnamo Agosti 1877. Mirihi yenyewe huonekana kwa macho matupu kutoka Mbeya, Iringa na kwingineko kama nyota yenye wekundu, lakini miezi yake haionekani bila darubini kubwa.

Phobos huizunguka Mirihi katika muda wa saa 7 na dakika 39, kwenye umbali wa kilomita 6,000 hivi kutoka uso wa sayari hiyo. Dimorphos una kipenyo cha mita 160 hivi tu, na ni kati ya miezi midogo kabisa iliyowahi kutazamwa kwa karibu.

## Graviti dhaifu

Mchapuko wa graviti kwenye uso wa Phobos ni takriban mita 0.0057 kwa sekunde mraba, wakati ule wa Dunia ni mita 9.8. Mtu ambaye mizani ya hapa duniani inamwonyesha kilogramu 60 angeonekana huko kuwa na uzito wa gramu 35 hivi. Jiwe likiachiwa kutoka kimo cha mita 1 huchukua karibu sekunde 19 kufika chini, na hufika likiwa na kasi ya sentimita 11 tu kwa sekunde.

Kila gimba la angani lina kasi ya kutoroka, yaani kasi ambayo kitu kikiifikia hakirudi tena chini. Kwa Dunia kasi hiyo ni kilomita 11.2 kwa sekunde. Kwa Phobos ni mita 11 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 41 kwa saa. Kasi hiyo ni ndogo kuliko kilomita 50 kwa saa zinazoruhusiwa kwa magari yanapopita vijijini kwenye barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya. Gari linalotii sheria hiyo, kama lingerushwa na tuta kwenye uso wa Phobos, lisingerudi tena. Kwa Deimos kasi ya kutoroka ni kilomita 20 hivi kwa saa, ambayo mwendesha baiskeli mzuri huifikia.

Hata mdundo mdogo huleta hasara. Tuseme chombo kimegusa Phobos kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kisha kikadunda kwa nusu ya kasi hiyo. Kitapanda hadi mita 22 juu na kukaa hewani karibu dakika 3 kabla ya kugusa tena. Wakati huo wote kinaweza kuwa kinazunguka, na hakuna ajuaye kitaangukia upande gani.

## Kulinganisha na Kimondo cha Mbozi

Katika Nyanda za Juu za Kusini kuna mfano mashuhuri wa kitu kilichofika kutoka anga-nje bila mpango wowote. Kimondo cha Mbozi kiko katika Wilaya ya Mbozi, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na masi inayokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa, karibu asilimia 90, ni chuma. Inayofuata ni nikeli. Wenyeji walikifahamu kabla ya habari zake kuandikwa na wageni mwaka 1930.

Kimondo hicho kinasaidia kueleza mambo mawili yanayowahusu wapangaji wa safari za miezi midogo.

La kwanza ni angahewa. Kitu kinachoangukia Dunia kutoka mbali huingia kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, lakini angahewa hukizuia na kukipunguzia mwendo. Kukizunguka kimondo cha Mbozi hakuna kasoko inayoonekana. Angahewa hupunguza sana kasi ya mapande kama hayo, na hata kasoko ikitokea, mvua na mmomonyoko huifuta kadiri miaka inavyopita. Phobos hauna angahewa wala mvua. Kila jiwe huugonga kwa kasi yake yote, na kovu lake hubaki. Kasoko yake kubwa, iitwayo Stickney, ina kipenyo cha kilomita 9 hivi, hivyo inapita kwa mbali Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya kasoko ya volkeno kusini mwa jiji la Mbeya. Kwa kuwa hakuna angahewa, parashuti na ngao ya joto havina kazi huko. Mwendo wote lazima upunguzwe kwa injini.

La pili ni tofauti kati ya uzito na masi. Kama Kimondo cha Mbozi kingekuwa juu ya Phobos, uzito wake ungekuwa sawa na wa kitu cha kilogramu 9 hivi hapa duniani, karibu nusu debe la mahindi. Mtu mmoja angeweza kukibeba. Lakini masi yake ingebaki tani 16 zilezile. Akikisukuma kwa nguvu ile anayotumia kuinua nusu debe, angehitaji karibu dakika 3 ili kukifikisha kwenye mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Kikishaanza kwenda, angehitaji muda uleule na nguvu ileile kukisimamisha, na akibanwa kati yake na mwamba angepondeka.

Chombo cha angani kiko katika hali hiyohiyo. Miguu yake haibebi uzito wowote wa maana, lakini lazima imeze nguvu ya mwendo wa masi yake yote. Mhandisi anayefikiria uzito peke yake atatengeneza miguu inayorudisha chombo juu kama springi.

## Kuukaribia mwezi

Ili kufika Phobos, chombo lazima kwanza kiingie kwenye obiti ya Mirihi na kulinganisha mwendo wake na wa mwezi huo, ambao huenda kwa kilomita 2 hivi kwa sekunde. Sehemu hii hutumia fueli nyingi kuliko kutua kwenyewe.

Kisha hutokea tatizo ambalo halipo kwenye Mwezi wa Dunia. Mirihi iko karibu na ina masi kubwa, hivyo mvutano wake huingilia kati. Eneo ambamo mvutano wa Phobos unatawala huishia kilomita chache tu juu ya uso wake. Chombo hakiwezi kuuzunguka kwa utulivu kama setilaiti inavyoizunguka Dunia. Badala yake huwekwa kwenye obiti ya Mirihi inayokaribia sana ile ya Phobos, ila yenye umbo la duaradufu iliyorefuka kidogo zaidi. Mtu akitazama kutoka Phobos angeona kana kwamba chombo kinamzunguka, ilhali vyote viwili vinaizunguka Mirihi. Kutokana na mpangilio huo chombo kinaweza kukaa jirani na mwezi kwa miezi mingi bila kutumia fueli nyingi, na kuanza kushuka kikiwa tayari.

## Hatua za mpango

### Kupima umbo na mvutano

Kabla ya kushuka ni lazima kujua umbo la mwezi, mhimili wake, mzunguko wake na jinsi masi yake ilivyosambaa. Kamera hupiga maelfu ya picha kutoka pande mbalimbali, na leza hupima umbali hadi uso. Mvutano hupimwa kwa kufuatilia mabadiliko madogo ya mwendo wa chombo kinapopita karibu. Mwezi wenye umbo la kiazi hauvuti kwa nguvu sawa kila mahali, na "chini" yake si lazima ielekee katikati yake. Mahali panapoonekana tambarare kwenye picha panaweza kuwa mteremko kwa chombo kinachosimama hapo.

### Kuchagua mahali

Mahali pa kutua panapaswa kutimiza masharti yanayopingana. Wanasayansi hutaka penye udongo na mawe ya kuvutia. Wahandisi hutaka pasipo na mawe makubwa wala mteremko. Waongozaji wa safari hutaka pawe na mwanga wa Jua wakati wa kushuka na paonekane kutoka Dunia ili mawasiliano yasikatike. Kwa Phobos, ambako mchana huchukua chini ya saa 4, sharti la mwanga hubana sana ratiba.

Vivuli ni sehemu muhimu ya kazi hii. Katika bonde la Isimila karibu na mji wa Iringa kuna nguzo ndefu za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko. Picha ya bonde hilo ikipigwa kutoka angani Jua likiwa utosini, nguzo hizo haziachi vivuli na bonde linaweza kuonekana tambarare. Ikipigwa jioni, kila nguzo hulaza kivuli kirefu, na kwa kupima kivuli pamoja na pembe ya Jua kimo chake hujulikana. Vivyo hivyo wapangaji hupiga picha za mahali pamoja katika saa tofauti za mchana wa mwezi husika, kisha hutengeneza ramani ya vimo.

Baadaye huchorwa ramani ya hatari. Kila jiwe huhesabiwa na kupimwa. Jiwe kubwa kama lile la Gangilonga mjini Iringa huonekana kutoka mbali na ni rahisi kuliepuka. Linalotisha zaidi ni lile la nusu mita, ambalo halionekani kwenye picha za mwanzo lakini linatosha kupindua chombo. Ndiyo maana chombo hushushwa karibu zaidi mara kadhaa ili kupiga picha bora kabla ya uamuzi wa mwisho.

### Kukokotoa njia na makosa

Hakuna chombo kinachoshuka kwenye nukta moja kamili. Kuna makosa katika kujua mahali kilipo, kasi yake, nguvu ya injini zake na mvutano wa mwezi. Kosa la sentimita 1 kwa sekunde huonekana dogo, lakini baada ya saa 1 limekuwa mita 36, na baada ya saa 4 na nusu ni zaidi ya mita 160. Kama eneo salama lina upana wa mita 16, chombo kimeshalipita mara kumi.

Wapangaji hutumia kompyuta kuigiza kushuka mara maelfu, kila mara wakibadilisha makosa hayo kwa kubahatisha. Nukta za kugusa zikikusanywa hutengeneza duaradufu ya kutua. Duaradufu ikiwa kubwa kuliko eneo salama, kuna njia mbili: kutafuta eneo kubwa zaidi, au kukipa chombo uwezo wa kujirekebisha njiani.

### Kujiamulia

Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Iringa hadi Mbeya huchukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka Mirihi hadi Dunia huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea mahali sayari hizo zilipo. Mwongozaji aliyeko duniani akiona chombo kinaelekea kwenye jiwe, jambo hilo limeshatokea dakika nyingi nyuma, na amri yake itahitaji muda mwingine kama huo kufika.

Kwa hiyo chombo hupewa mamlaka ya kuamua. Njiani huwekwa vituo vya uamuzi, kila kimoja kwenye kimo fulani. Mwanzoni, chombo kikiwa mbali na kikishuka taratibu, watu bado wanaweza kusema kiendelee au kirudi. Kuanzia kimo fulani kompyuta ya chombo huachiwa kazi. Hulinganisha picha za kamera na ramani iliyohifadhiwa ndani yake, hukadiria mahali itakapogusa, na ikiona inaelekea kwenye sehemu iliyopigwa marufuku huwasha injini na kupanda. Kurudi juu hakuhesabiwi kuwa kushindwa. Mpango mzuri huweka fueli ya kutosha kwa jaribio la pili, na mara nyingi la tatu.

### Mazoezi

Kabla ya siku yenyewe chombo hushushwa hadi nusu ya njia, au karibu na uso kabisa, kisha hupandishwa. Mazoezi hayo hupima kamera, leza, injini na pia watu walioko kwenye chumba cha uongozaji. Makosa mengi ya ramani na programu hugunduliwa hapo, wakati bado yanaweza kusahihishwa.

### Kugusa uso

Injini ikielekezwa chini karibu na uso hurusha vumbi linaloziba kamera, na gesi yake huchafua sampuli. Hivyo injini za kushusha huweza kuzimwa kwenye kimo kidogo na chombo kuachwa kianguke chenyewe. Kwenye Phobos kuanguka kutoka mita 100 huchukua dakika 3 hivi na huleta kasi ya mita 1 tu kwa sekunde.

Ili chombo kibaki chini hutumiwa miguu inayomeza mshtuko, vijirusha-gesi vinavyokisukuma kuelekea chini, au mishale ya kukifunga ardhini. Njia nyingine ni kutokaa kabisa: chombo hugusa kwa sekunde chache, huchukua sampuli na kuondoka.

## Historia

Umoja wa Kisovyeti ulirusha vipimaanga Phobos 1 na Phobos 2 mnamo Julai 1988. Phobos 1 ilipotea miezi miwili baadaye kutokana na amri yenye kosa iliyotumwa kutoka duniani. Phobos 2 ilifika Mirihi mnamo Januari 1989 na kupiga picha za mwezi huo. Ilikusudiwa kuukaribia hadi mita 50 na kuachia vyombo viwili vidogo, kimojawapo cha kurukaruka juu ya uso. Mawasiliano yalikatika tarehe 27 Machi 1989, wakati hatua ya mwisho ilipokuwa inakaribia.

Mnamo 12 Februari 2001 chombo NEAR Shoemaker cha Marekani kilishushwa kwenye asteroidi Eros. Hakikuwa na miguu wala hakikuundwa kwa kutua, lakini kiligusa uso taratibu na kuendelea kutuma data. Kilikuwa cha kwanza kutua kwenye asteroidi.

Chombo Hayabusa cha Japani kilifika asteroidi Itokawa mwaka 2005. Tarehe 12 Novemba mwaka huo kiliachia roboti ndogo iitwayo MINERVA, lakini wakati huo chombo kilikuwa kimeanza kupanda. Roboti ilibeba mwendo huo wa kupanda, na kwa kuwa graviti ya Itokawa ni dhaifu mno haikuanguka. Ilielea na kupotea. Hata hivyo Hayabusa yenyewe iligusa uso na kurudisha chembe za asteroidi hiyo duniani mwaka 2010.

Urusi ilirusha Fobos-Grunt mnamo Novemba 2011 ili kuleta sampuli kutoka Phobos. Injini za kukipeleka Mirihi hazikuwaka, chombo kikabaki kwenye obiti ya Dunia na kuanguka tarehe 15 Januari 2012.

Chombo Philae cha Shirika la Anga la Ulaya kiliachiwa na Rosetta tarehe 12 Novemba 2014 kutoka kilomita 22 hivi juu ya nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko. Kilishuka kwa saa 7 na kugusa karibu kabisa na mahali palipokusudiwa, kwa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde. Lakini kijirusha-gesi cha kukisukuma chini hakikufanya kazi na mishale ya kukifunga haikufyatuka. Philae ilidunda na kuelea karibu saa 2, ikatulia mwishowe kivulini kando ya ukuta wa mwamba, mahali ambapo paneli zake za Jua hazikupata mwanga wa kutosha. Ilifanya kazi kwa siku mbili na nusu hivi kwa betri yake. Mahali pake palionekana kwenye picha za Rosetta mnamo Septemba 2016 tu.

Hayabusa2 ya Japani ilifika asteroidi Ryugu mnamo Juni 2018. Wapangaji walitegemea kupata eneo tambarare la upana wa mita 100, lakini Ryugu ilikuwa imejaa mawe kila upande. Kutua kulikopangwa Oktoba kuliahirishwa kwa miezi minne. Katika mazoezi waliangusha alama, tufe dogo lenye kung'aa lililojazwa punje ndani. Punje hizo hugongana na kula nguvu ya mdundo, kama kiroba cha maharage kinavyoanguka sakafuni bila kudunda kama mpira. Kwa kuitazama alama hiyo, chombo kiligusa tarehe 22 Februari 2019 ndani ya eneo la nusukipenyo cha mita 3, kikikosea kwa mita 1 tu.

OSIRIS-REx ya Marekani ilikuta hali hiyohiyo kwenye asteroidi Bennu. Eneo lililotarajiwa kuwa na upana wa mita 50 lilipungua hadi mita 16. Wahandisi walibadilisha mfumo wa uongozaji ili chombo kitambue mawe na kasoko kwa picha na kujiondoa chenyewe kikiona hatari. Baada ya mazoezi mawili, Aprili na Agosti 2020, kiligusa tarehe 20 Oktoba 2020 kwa kasi ya sentimita 10 hivi kwa sekunde. Uso haukukizuia kama ilivyodhaniwa. Mkono wake ulizama karibu nusu mita ndani ya changarawe legevu, na kama injini zisingewashwa ungeendelea kuzama. Sampuli yake, zaidi ya gramu 121, ilifika duniani tarehe 24 Septemba 2023.

## Safari zilizopangwa

Shirika la anga la Japani, JAXA, limeandaa safari ya MMX kwenda kwenye miezi ya Mirihi. Ilikusudiwa kurushwa mwaka 2024, kisha ikaahirishwa hadi 2026. Chombo kitakaa jirani na Phobos, kitatua juu yake, kitachukua angalau gramu 10 za udongo na kuurudisha duniani. Kinabeba gari dogo liitwalo IDEFIX, lililotengenezwa na Ufaransa na Ujerumani. Gari hilo lina masi ya kilogramu 25 hivi, lakini uzito wake kwenye Phobos utakuwa sawa na wa kitu cha gramu 15 duniani. Litaachiwa kutoka kimo kisichozidi mita 100, lidunde, litulie, kisha lijigeuze na kusimama kwa magurudumu yake. Kazi yake moja ni kupima ugumu wa udongo kabla chombo kikubwa hakijashuka.

Dimorphos uligongwa kwa makusudi na chombo DART cha Marekani tarehe 26 Septemba 2022 kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde. Tukio hilo halikuwa kutua bali jaribio la kubadilisha obiti ya mwezi huo, na lilifanikiwa. Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo Hera mnamo Oktoba 2024 kwenda kukagua matokeo. Hera imebeba setilaiti ndogo mbili, Milani na Juventas, ambazo mwishoni mwa kazi zimekusudiwa kushushwa kwenye Dimorphos.

## Umuhimu

Asili ya Phobos na Deimos bado inabishaniwa. Wengine husema ni asteroidi zilizonaswa na Mirihi. Wengine husema ni mabaki ya mgongano mkubwa uliorusha mawe ya Mirihi yenyewe angani. Picha pekee hazijamaliza ubishi huo. Sampuli inaweza kuumaliza, kwa kuwa muundo wa mawe ya Mirihi ni tofauti na wa asteroidi.

Sampuli inayochukuliwa na chombo ina faida ambayo kimondo hakina. Kimondo cha Mbozi kiliungua njiani, kikalala ardhini kwa miaka mingi na kupata kutu, na hakuna anayejua kilitoka wapi hasa. Udongo utakaochukuliwa Phobos utakuwa na anwani: mahali, siku na kina ulipotolewa vitajulikana.

Kujua jinsi magimba madogo yalivyoshikamana kunahusu pia usalama wa Dunia. Asteroidi ikionekana kuielekea, njia ya kuisukuma itategemea kama ni mwamba mmoja au rundo la changarawe kama Bennu. Kila chombo kinachogusa uso wa aina hiyo, hata kinachodunda, hupunguza kubahatisha huko.

## Tazama pia

- Kimondo cha Mbozi
- Mirihi
- Asteroidi
- Nyotamkia
- Graviti
- Kipimaanga